Kocha amtaka kijana siku 5 kwa wiki: yaliyonipata mimi na wangu wawili

Dada yangu, assalamu alaikum. Nimelisoma swali lako mara mbili. Kijana ana miaka 10, kocha amekwambia ana kipaji, amtaka siku 5 kwa wiki, saa mbili kila siku, na mechi Jumamosi. Babake amekataa kwa ajili ya chuo cha Kurani na masomo. Wewe uko katikati, wauliza umruhusu au umzuie.

Mimi nimepita hapo mara mbili, kwa kijana na kwa binti, na mara ya kwanza niliharibu. Nitakueleza kwa urefu, kwa sababu wakati ule nilitafuta mtu wa kunieleza nikamkosa. Kila niliyemuuliza alinijibu "mpira walipa siku hizi" au "mpira haulishi", basi.

Sisi twakaa Majengo, hapa Mombasa. Mwanangu alianza kama waanzavyo wenzake, jioni pale uwanja wa Tononoka, miguu mitupu. Alipofika miaka 11 kocha wa akademia moja akamwona, akaja mpaka nyumbani. Alikaa barazani, akanywa kahawa, akaniambia mtoto huyu ni wa timu ya taifa. Dada, nilivimba kifua. Ujanani nilicheza winga, marehemu babangu akanizuia, na donge lile halikuwahi kunishuka. Sikumuuliza yule kocha hata swali moja. Nililipa ada ya muhula mzima siku hiyo hiyo.

Ikawa Jumatatu mpaka Ijumaa, kuanzia saa tisa na nusu hadi karibu na Magharibi. Jumamosi mechi. Jumapili mara nyingi kulikuwa na mechi ya kirafiki. Chuo alichokuwa akienda asubuhi za wikendi kikaanza kukatika, na ustadhi akaniambia kwamba hata sura alizokuwa amezihifadhi vizuri sasa azirukaruka. Nikasema atazirudia akifunga shule.

Ramadhani moja, alikuwa na miaka 12 na miezi, tuliswali Magharibi msikitini bega kwa bega. Alipokwenda sijda nilihisi hakai sawa. Rakaa ya pili, Mungu anisamehe, nilimtazama. Alitanguliza mikono, akashusha goti la kushoto, la kulia akaliacha likielea, kisha akaliteremsha polepole kama mtu awekaye yai sakafuni. Kwenye tahiyatu aliketi upande, mguu ameutoa nje. Tulipofika nyumbani nikamwambia apandishe kanzu. Chini kidogo ya pia ya goti palikuwa na kinundu kama nusu ya gololi. Nilipogusa kwa kidole gumba aliuvuta mguu na machozi yakamtoka. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu muhula uliopita. Kwa nini hukuniambia? "Kocha amesema ni maumivu ya kukua. Nikikwambia nitapoteza namba."

Daktari wa mifupa alipiga picha, akanikalisha akanieleza kwa utulivu. Mtoto anapokua kwa kasi, mifupa hurefuka mbele na misuli hubaki nyuma. Msuli mkubwa wa paja una kano inayopita juu ya goti na kujishika mbele ya mfupa wa muundi, na mahali hapo kwa mtoto bado ni gegedu, hapajawa mfupa mgumu. Kila anapokimbia, anaporuka, anapopiga shuti, kano huvuta pale pale. Ikivuta kila siku bila kupumzishwa, panauma, panavimba, panatoa kinundu. Wanauita ugonjwa wa Osgood-Schlatter. Kwa kawaida hauhitaji upasuaji, na wengi hupona ukuaji unaposimama, lakini kabla ya hapo lazima mzigo upunguzwe. Akaniambia: "Mwanao ana mazoezi mengi kuliko mifupa yake."

Kuna kipimo ambacho madaktari wa watoto wa Marekani wanakitumia, na mimi nimekishika tangu siku ile. Saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Kila wiki awe na siku moja au mbili asizogusa mchezo ule kabisa, na katika mwaka apumzike nao miezi miwili mitatu, hata ikiwa ni mwezi mwezi. Mwanangu wa miaka 12 alikuwa akifika saa 15. Sasa piga hesabu ya kijana wako: siku 5 mara saa 2 ni saa 10, na mechi ya Jumamosi haijaingia. Ameshapita. Hapo huna haja ya kubishana na kocha kuhusu kipaji, hesabu yenyewe imekataa.

Nilimpumzisha wiki sita. Kocha akasema sawa, ila namba haimngoji mtu.

Aliporudi alikuwa ametimiza 13 na miezi kadhaa. Jioni moja kocha aliniita kando ya kiwanja. Kuna mashindano ya chini ya miaka 13, akasema, na kijana amepita kidogo tu. Nilete cheti kingine cha kuzaliwa, yeye ana mtu wa kukitengeneza. Akanieleza kwamba umri wa mpira na umri aujuao mamake ni vitu viwili, na kila mzazi pale ameshaelewa. Mwanangu alikuwa nyuma yangu, njumu mkononi, asikia kila neno.

Sikumjibu papo hapo, na hilo ndilo laniuma mpaka leo. Nilikuwa napiga hesabu. Tukaenda zetu kimya. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza: "Baba, kwani sasa mimi nitakuwa na miaka mingapi?"

Nilisimama pale njiani. Nikamwambia utabaki na miaka yako. Usiku ule nikampigia kocha simu nikakataa, na wiki iliyofuata jina la kijana halikuwemo kwenye orodha. Alilia sana, na mimi nililia nilipokuwa peke yangu.

Dada, jambo hili ni kubwa kuliko watu wanavyolichukulia. Kughushi cheti cha kuzaliwa ni kosa la jinai, na mwenye kulijibu ni mzazi. Tena hakumsaidii mtoto. Tangu 2009 FIFA hutumia picha za MRI za kifundo cha mkono katika mashindano ya dunia ya chini ya miaka 17. Wanatazama sehemu ile ya mfupa inayokua, ndugu yake ile niliyoonyeshwa gotini: ikiwa imeshafunga kabisa, kijana huyo kwa hakika karibu yote amepita umri. Na hata asipofika huko, mtoto anayecheza na wadogo zake hushinda kwa mwili. Hajifunzi kupokea mpira akiwa amebanwa, kwa sababu hakuna wa kumbana. Wenzake wakishaota ndevu na wao, yeye hana kitu.

Hapo hapo niliseme hili la kipaji. Katika umri wa miaka 10, kinachoitwa kipaji mara nyingi ni urefu na kifua. Mtoto wa Januari na wa Desemba huchezeshwa timu moja, na wa Januari ana karibu mwaka mzima wa kula na kukua juu ya mwenzake. Makocha humwona huyo kwanza. Sisemi wako hana kipaji, hata simjui. Nasema hakuna ajuaye kwa yakini sasa hivi, na kocha akikwambia ana yakini, mwangalie tena.

Tena kuna jua letu la hapa pwani. Machi 2007 nilikuwepo uwanja wa gofu, mbio za nyika za dunia zilipoletwa hapa Mombasa. Kenenisa Bekele, aliyekuwa bingwa wa dunia miaka mitano mfululizo, alishindwa kumaliza kwa joto na unyevu ule, akatoka mzunguko wa mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Mwanariadha wa kiwango kile! Halafu mimi naona watoto wa miaka 9 wakizungushwa uwanja saa nane mchana mwezi wa Februari, maji ameshika kocha, na anywe aliyemaliza mizunguko. Ukiona hivyo mchukue mwanao mwende nyumbani.

Sasa binti. Yeye ni mdogo wa kakake kwa miaka 3, na alipotaka mpira wa kikapu nilikataa. Nilikuwa nimeungua na la kwanza, na kusema kweli nilikuwa na wasiwasi wa stara. Nikamwambia sheria haziruhusu hijabu, nikidhani yameisha. Alikwenda akatafuta, akanionyesha kwenye simu: FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, waliondoa katazo lile mwaka 2017, na kwenye soka ilisharuhusiwa tangu 2014. Alikuwa na miaka 11. Akanitajia pia timu ya wanawake ya KPA, mamlaka ya bandari, iliyo hapa hapa mjini kwetu. Sikuwa na jibu.

Nikamruhusu muhula mmoja, siku tatu, chuo hakiguswi. Na safari hii nilikwenda kumtazama kocha kabla ya kulipa chochote. Ni mwanamke, mkali kiasi chake. Mazoezi yafanyika hadharani, mzazi akaribishwa kuketi, hakuna mtoto abakiye peke yake na mtu mzima, na wakisafiri kuna mama wawili au watatu waendao nao. Hayo usiyaonee haya kuyauliza. Uliza nani hulala chumba kipi. Kocha mwema hujibu bila kununa, na anayenuna basi ameshakujibu.

Nilichokiona kwa binti ndicho kilichonifumbua macho kuhusu kakake. Jumamosi nikitoka kuswali alfajiri namkuta ameshavaa, jezi ameifua mwenyewe usiku na kuianika dirishani, anasubiri mimi nitafute viatu. Yeye ndiye aniharakishaye. Kwa kijana, tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyemwamsha, mimi niliyempangia begi, mimi niliyemkumbusha maji. Miaka miwili nzima, na sikuwahi kujiuliza maana yake.

Basi nikamuuliza, nimechelewa lakini nikamuuliza. Alikuwa na 14, tayari nimeshamhamishia kwa mwalimu mwingine wa siku tatu kwa wiki, goti limetulia. Alinyamaza kidogo kisha akasema: "Napenda mpira, baba. Sipendi kuwa wa timu ya taifa." Ile timu ya taifa ilikuwa yangu mimi na yule kocha. Sasa ana miaka 16, acheza Ijumaa baada ya Alasiri na wenzake wa mtaa, arudi amelowa jasho na furaha tele, na kwenye sijda magoti yote mawili yashuka pamoja. Binti yuko mwaka wa tatu na mpira wake wa kikapu na sasa ni siku nne, kwa kuomba mwenyewe.

Mwambie babake kijana kwamba hofu yake naiheshimu, mimi mwenyewe niliona chuo kilivyoanza kukatika. Lakini asikie na hili: huku mitaani kwetu, mtoto asiyekuwa kiwanjani wala chuoni saa kumi na moja jioni, yuko maskani, kule vijiweni, na muguka, miraa ile ya majani, hauko mbali. Na la masomo limebadilika. Tangu 2026 hapa Kenya mwanafunzi akiingia gredi ya 10 huchagua mkondo mmoja katika mitatu, na mmoja wao ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mtoto aweza kuusomea mchezo darasani, awe mwalimu, awe mtaalamu wa viungo, bila kuwa nyota.

Na akija mtu, leo au baada ya miaka mitatu, akwambie amepata majaribio Ulaya na ataka pesa za pasipoti na viza, usitoe hata shilingi. FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi hadi nchi isipokuwa kwa sababu chache zilizobanwa, kama vile wazazi wenyewe kuhamia huko kwa mambo yasiyo ya mpira. Hapa pwani najua familia zilizouza vitu vya nyumba kwa ahadi kama hizo.

Kwa hivyo ningekuwa wewe nisingeamua maisha ya mtoto wiki hii. Ningemwambia babake: muhula mmoja, siku tatu, Jumapili hakuna mpira, asubuhi za chuo hazijadiliwi na mtu. Kocha akikataa siku tatu kwa mtoto wa miaka 10, tafuta kocha mwingine, wako wengi.

Kabla ya hayo, nenda kiwanjani jioni moja bila kumwambia mtu. Keti mbali. Usimtazame mwanao. Mtafute mtoto dhaifu kuliko wote, ngoja akosee, halafu sikiliza kocha atamwambia nini, na tazama wenzake watamfanyia nini. Nusu saa yatosha.

Kisha mpate kijana mkiwa wawili tu, labda ukimpelekea viazi karai njiani kurudi, babake hayupo, kocha hayupo. Usimuulize kama apenda mpira, atakwambia ndiyo, wote wasema ndiyo. Muulize siku ya mazoezi ikiahirishwa kwa mvua, yeye huhisi nini. Ukipata jibu, tuandikie hapa, nami nitakwambia nionavyo.