Shoku: miguu ya moto isikudanganye

SWALI: Shikamooni. Ninasoma uuguzi mwaka wa pili, Temeke. Tumefundishwa kuwa mgonjwa wa shoku ana ngozi baridi yenye jasho. Wodini nimekuta mama mwenye homa kali na presha 80/40, lakini miguu yake ni ya moto. Mwenzangu kasema hiyo si shoku. Je, ni kweli? Na kila shoku hutibiwa kwa dripu?

JIBU: Marahaba. Shoku ni hali ya viungo kukosa damu ya kutosha. Hiyo ni shoku, tena mbaya. Maambukizi yamelegeza mishipa, damu imejaa ngozini huku figo na ubongo vikikosa. Piga hesabu ya wastani wa presha: namba ya chini (40) mara mbili, jumlisha ya juu (80), gawa kwa tatu. Kwake ni 53, nasi tunataka angalau 65. Mpe oksijeni ikiwa imeshuka, chukua damu ya kuotesha vijidudu kisha antibayotiki ndani ya saa moja. Maji kwa mtu mzima ni ml 30 kwa kila kilo ndani ya saa 3. Yape kwa mafungu ya ml 500 na usikilize mapafu kila fungu likiisha. Weka mpira wa mkojo: mgonjwa wa kilo 60 atoe angalau ml 30 kwa saa. Presha ikigoma, daktari ataanzisha noradrenalini, dawa ya kubana mishipa.

Ngozi baridi utaikuta kwa aliyepoteza damu au maji, na kwa ambaye moyo wake umechoka. Hapo tazama shingo, kichwa kikiwa kimeinuliwa. Aliyepoteza damu, mishipa ya shingo haionekani: weka kanula (mirija ya mshipani) mbili nene, zuia damu, agiza damu mapema. Wa moyo, mishipa imejaa na mapafu yanachachatika chini. Huyo ukimfungulia dripu wazi unamzamisha. Mishipa imejaa na upande mmoja wa kifua uko kimya baada ya ajali ya bodaboda? Hewa imenaswa. Mwite daktari atoe kwa sindano, msingoje eksirei.

Mama aliyetoka kujifungua msimsubiri presha ishuke. Anaweza kupoteza karibu theluthi ya damu yake huku presha ya juu bado ikisomeka nzuri. Mapigo yakipita presha ya juu, mfano mapigo 120 na presha 100, fanyeni haraka.

Ipo pia shoku ya mzio (aleji). Mtu mzima aliyevimba midomo na kubanwa kifua baada ya penisilini apewe adrenalini mg 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje, urudie baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Kosa tunaloliona sana ni kuanza na haidrokotisoni. Hiyo huchelewa kufanya kazi, na koo halingoji.

Kwa watoto msinakili dozi hizi za maji. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kutolewa 2011 ulionyesha kuwa watoto wenye homa kali waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi ya wasiomiminiwa.