Wasomaji Wauliza: Andalusia kwa Shanta na Pesa Chache

Mimi na mwenzangu twataka kuzunguka Andalusia, kusini mwa Uhispania, wiki mbili mwezi wa Agosti. Joto sisi tumelizoea. Kuna ubaya? (Msomaji, Kisauni)

Joto mlilozoea silo hilo. Mombasa ikifika nyuzi 33 watu wamelalamika, na upepo wa bahari upo. Sevilla na Córdoba ziko bara, kwenye bonde la mto Guadalquivir, na Agosti hupita 40 bila mtu kushangaa. Rekodi ya Uhispania, 47.6, ilipimwa La Rambla, mkoa wa Córdoba, tarehe 14 Agosti 2021. Hewa yenyewe ni kavu: jasho hukauka kabla hujalihisi, kwa hivyo mtu hupungukiwa na maji asijue mpaka kichwa kianze kugonga. Mchana maduka madogo hufungwa, nanyi mtakuwa barabarani na mizigo.

Nendeni mwisho wa Aprili hadi Mei, au mwisho wa Septemba hadi Oktoba. Epukeni Sevilla wakati wa Wiki Takatifu ya Pasaka na sherehe za Feria zinazofuata, kwa sababu kitanda cha hosteli hupanda bei vibaya. Ikiwa hamna budi ila Agosti, kaeni Cádiz, mji uliozungukwa na bahari karibu pande zote, na bara mwende siku mbili tu.

Shanta na viatu vya kupandia mlima nimeviona Kongowea, mitumba, bei nzuri. Ninunue? (Msomaji, Likoni)

Nunua, lakini kagua kama fundi. Shanta la lita 40 latosha, na likijaa lisizidi kilo 8. Kitu cha kwanza ni mkanda wa kiunoni: uwe mnene, ukae juu ya mifupa ya nyonga wala si tumboni. Huo ndio unaobeba uzito. Mikanda ya mabegani kazi yake ni kulizuia shanta lisiyumbe. Lisilo na mkanda huo liache hata likiwa la bure.

Halafu ligeuze ndani nje ulisugue kwa kiganja. Likinata, au likitoa magamba meupe, utando wake wa kuzuia maji umeoza. Utando huo ni wa poliurethani, na poliurethani huvunjwa na unyevu, ambao hapa pwani hatuna uhaba nao. Kufua hakusaidii.

Viatu vina ugonjwa huohuo, tena mbaya zaidi, maana hauonekani. Kati ya ngozi ya juu na soli ya mpira mna tabaka la povu, mara nyingi poliurethani vilevile. Kiatu kilichokaa ghalani miaka mingi huonekana kipya, kisha soli hubanduka nzima siku ya pili ya safari. Bonyeza povu hilo kwa ukucha: likibaki na shimo, likipasuka au likitoa unga, kirudishe. Fundi viatu hawezi kukuokoa, kwa kuwa gundi haina pa kushika. Kikipita mtihani huo, kivae siku kadhaa na shanta likiwa limejaa, Kongowea hadi Bamburi na kurudi, kabla ya kukiamini.

Kusema kweli, kwa miji peke yake raba ngumu yatosha. Soli nyembamba ndiyo usichukue, kwani vichochoro vya Albayzín, mtaa wa kale kule mji wa Granada, vimetandikwa kokoto na vitakuumiza nyayo. Viatu vya mlima viwe vya mtu anayepanda Sierra Nevada, ambako kilele cha Mulhacén kiko karibu mita 3,480.

Viza ya Schengen ina mitego gani? (Msomaji, Tudor)

Hiyo ni viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Uhispania ikiwemo. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukikataliwa hairudi. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Usiombe zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala usichelewe hadi zikabaki chini ya siku 15. Pasipoti iwe na muhula wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya. Alama za vidole ni lazima uende mwenyewe Nairobi, kwa hivyo weka nauli ya SGR katika hesabu.

Taarifa ya benki ionyeshe mapato yanayoingia kwa utaratibu. Fungu kubwa linalotua wiki moja kabla ya maombi, la kukopwa kwa mjomba, hutambulika mara moja.

Mtego unaowanasa wengi ni huu: viza ya kuingia mara moja hufa ukitoka. Feri ya Tarifa hadi Tangier ni ya saa moja tu na yavutia, lakini ukishavuka kwenda Morocco hutarudi Uhispania kwa viza hiyo.

Chakula halali kitapatikana? Na Alhambra, ile ngome ya kale ya Granada, twaingiaje? (Dada wawili, Majengo)

Dada zetu, Granada haina shida: mtaa wa Calderería Nueva umejaa mikahawa ya Kimorocco, na Albayzín kuna msikiti uliofunguliwa 2003. Kwingineko jifunzeni kusema *no como cerdo*, sili nguruwe, tena kabla ya kuagiza. Supu baridi ya nyanya, *salmorejo*, hunyunyiziwa nyama ya nguruwe juu. *Mantequilla* ni siagi, ilhali *manteca* kwa kawaida ni mafuta ya nguruwe, nayo huingia katika biskuti nyingi. Mchicha wa Kihispania na dengu, *espinacas con garbanzos*, kwa kawaida hauna nyama. Maji ya bomba mkahawani ni bure kwa sheria ya 2022. Ombeni *agua del grifo*. Jumapili supamaketi nyingi hufungwa, nunueni Jumamosi.

Tikiti za Alhambra huisha wiki kadhaa kabla. Ya kuingia Kasri za Nasrid, zilizo ndani yake, ina saa yake, na ukichelewa umekosa. Bebeni pasipoti yenyewe, si nakala. Msikiti mkuu wa kale wa Córdoba, ulioanzwa karne ya 8 na sasa ni kanisa kuu, huingiwa bure Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili u nusu hadi saa tatu u nusu asubuhi. Kuswali ndani hairuhusiwi, na walinzi hufuatilia.

Pesa nibebe vipi? (Msomaji, Mikindani)

Kadi ya Visa ya benki, ya pili ya akiba mahali pengine, na euro 100 taslimu. Kadi ya M-Pesa GlobalPay ni ya mtandaoni: yafaa kulipia hosteli na basi, lakini haitoi pesa kwenye mashine. Mashine ya ATM ikikuuliza ukatwe kwa shilingi au kwa euro, chagua euro. Ukichagua shilingi, mashine ndiyo inayopanga bei ya kubadilisha, na haipangi kwa faida yako.