Alizama, alizamia au alipiga mbizi?

Swali: Nimesoma kwamba Kathryn Sullivan, Mmarekani wa kwanza mwanamke kutembea angani nje ya chombo (1984), "alizama" hadi Challenger Deep, sehemu yenye kina kirefu kuliko zote baharini, mwaka 2020. Habari hiyohiyo inasema wanaanga "huzama" bwawani wakifanya mazoezi. Kwangu mimi, aliyezama amekufa maji. Je, nakosea?

Jibu: Hukosei hata kidogo. Kuzama ni jambo linalokipata kitu: meli imezama, jua limezama, mtoto kazama. Hiari haimo. Hata aliyezama kwenye mawazo, mawazo ndiyo yamemmeza. Anayeshuka makusudi akifuata kitu huko chini anazamia; kauli ya kutendea ndiyo inayobeba ile nia. Shida ni kwamba mzamiaji pia ni mtu anayejificha melini asafiri bila nauli. Ukisoma "wazamiaji watatu wakamatwa", hujui kama walikuwa na mitungi ya hewa mgongoni au walijikunyata kwenye shehena. Ndiyo maana napendelea mpiga mbizi.

Lakini Sullivan hakupiga mbizi pia. Anayepiga mbizi huingiza mwili wake majini, naye alikuwa ameketi mkavu ndani ya tufe la metali ya titani, likishuka karibu mita 10,900. "Alishuka kwa nyambizi" inatosha. Na wale wanaanga waliokaa siku kadhaa katika maabara ya Aquarius, mita 19 hivi chini ya bahari huko Florida? Waliishi chini ya maji, basi.

Kinachoniuma zaidi ni hilo la bwawa. Kule Houston mwanaanga huvalishwa suti yake nzito, akashushwa kwa kreni kwenye maji ya kina cha mita 12. Wapiga mbizi humzunguka, wakimwongezea uzito kifuani, wakimpunguzia mguuni, wakimgeuza na kumjaribu tena, mpaka atulie pale alipo: asizame wala asielee. Jasho lote hilo ni la kuzuia kuzama! Aliyeandika "huzama" amechagua kitenzi kinacholikana zoezi lenyewe.

Mimi ningeandika "huteremshwa majini". Kuelea kutakuja baadaye, kwenye kituo cha anga, kilomita 400 hivi juu yetu, na huko kitenzi hicho nakikubali kwa moyo wote ingawa hakuna maji.