Ukifanyiwa uhalifu melini, andika kabla ngazi haijashushwa

Swali la wiki lilikuwa hili: abiria akiibiwa, akipigwa au akibakwa ndani ya meli ya watalii ikiwa katikati ya bahari, polisi wake ni nani, naye afanye nini?

Melini hakuna polisi. Kuna maofisa usalama, na wengine wao waliwahi kuwa askari, lakini anayewalipa mshahara ni kampuni ile ile ambayo kesho huenda ukaidai fidia. Nahodha anaweza kuamuru mtu afungiwe chumbani na mlinzi mlangoni, au ateremshwe bandari inayofuata. Kumfungulia mashtaka hawezi.

Watu hudhani baharini hakuna sheria. Ukweli ni kwamba zipo nyingi, na kila mwenye yake anaweza kukwambia nenda kwa mwenzangu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ibara ya 92, unasema meli ikiwa bahari kuu iko chini ya nchi ya bendera yake. Itazame tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, kabla hujapanda: chini ya jina la meli pameandikwa bandari ya usajili, na mara nyingi utasoma Nassau (Bahamas), Panama au Valletta (Malta), hata kama ofisi kuu ya kampuni iko Miami, Marekani. Meli ikiingia ndani ya maili 12 za baharini kutoka ufukweni, nchi ya pwani hiyo nayo ina kauli yake. Kisha iko nchi ya mwathiriwa na nchi ya mtuhumiwa. Marekani, kwa mfano, huweza kutuma FBI, wapelelezi wake wa shirikisho, hata kwenye meli ya bendera ya kigeni, iwapo mtenda kosa au mtendewa ni raia wake na safari ilianzia au itaishia kwenye bandari yake.

Ndiyo maana jambo la kwanza, baada ya kujiweka mahali salama, ni kujua meli ilikuwa wapi tukio lilipotokea. Kwenye runinga ya chumbani huwa na chaneli ya ramani ya safari; nyingi huonyesha latitudo, longitudo na saa. Ipige picha. Hapo uwe macho, maana saa ya meli na saa ya simu yako huenda zisilingane: meli hubadili saa usiku ikivuka kanda za saa, na simu hufuata mnara wowote iliounasa. Andika zote mbili, na uandike kwa mtindo wa saa 24. “Saa tatu usiku” ikipita mikononi mwa mfasiri mzembe hugeuka 03:00 badala ya 21:00, na picha za kamera zitatafutwa mahali pasipo na kitu.

Pili ni chumba. Hapa ndipo kesi nyingi hufa, wala si lazima kwa ubaya wa mtu. Wahudumu hupita kusafisha, pengine mara mbili kwa siku. Shuka zinakwenda kufuliwa, pipa linamwagwa, zulia linapigwa mashine. Kibao cha “usisumbue” hakitoshi. Dai chumba kifungwe na kadi zote za mlango zisitishwe, wewe uhamishiwe kingine. Shirika la Kimataifa la Bahari lilitoa mwongozo mwaka 2013, azimio A.1091(28), kuhusu kuhifadhi ushahidi wa uhalifu mkubwa melini. Utaje kwa jina. Ofisa akigundua kuwa unaujua, mazungumzo hubadilika.

Kufuli za kielektroniki hutunza kumbukumbu ya kadi iliyofungua mlango na saa yake, lakini nafasi yake ni ndogo na mpya hufuta za zamani. Kamera ni vivyo hivyo. Kwa hiyo omba kwa maandishi, na usiombe “picha za usiku ule”. Andika: ujia wa sitaha ya 7 upande wa kushoto karibu na lifti za nyuma, kuanzia 22:40 hadi 23:30, pamoja na kumbukumbu za kufuli la chumba namba fulani. Ombi lisilotaja mahali wala saa hujibiwa kwa ahadi, na wiki zikipita picha zinajifuta.

Kwenye ubakaji, ambao ndio aina inayoongoza katika taarifa rasmi zinazochapishwa Marekani, mwili ndio eneo la tukio. Ni vigumu kumwambia mtu aliyeumizwa asioge, lakini asioge, asipige mswaki, na ikiwezekana asiende haja kabla ya kupimwa. Nguo ziwekwe kila moja kwenye mfuko wake wa karatasi. Plastiki hutunza unyevu, na unyevu huozesha chembechembe zinazotafutwa maabara. Dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa za dharura za kuzuia mimba zina dirisha la hadi siku 5, nazo ni vyema ziwahiwe. Sheria ya Marekani ya 2010 ya usalama wa meli za watalii inataka zahanati ya melini iwe na dawa za kuzuia VVU na vifaa vya uchunguzi, na mwathiriwa apewe bure simu na intaneti mahali pa faragha. Inahusu meli zenye uwezo wa kubeba abiria 250 au zaidi zinazopakia au kushusha watu Marekani. Kwingineko mambo hutegemea bendera na kampuni.

Sheria hiyo hiyo inailazimisha kampuni kuitaarifu FBI kuhusu mauaji, mtu kupotea, utekaji, jeraha kubwa, ubakaji na wizi unaozidi dola 10,000. Angalia hicho kiwango. Simu, saa au pesa za mfukoni haziingii, kwa hiyo wizi mwingi wa kawaida hauonekani kwenye takwimu, na ukimya wa takwimu usiuchukulie kuwa amani.

Kwa wizi mdogo mkombozi wako ni bima, na bima inataka karatasi. Kisanduku cha chumbani cha kufungia vitu vya thamani kinafunguka kwa kifaa cha wahudumu pale mgeni anaposahau namba, hivyo kinakulinda dhidi ya jirani kuliko dhidi ya mwenye kifaa. Ripoti kabla ya kushuka. Kampuni nyingi hukataa kutoa ripoti kamili ya usalama. Basi chukua namba ya ripoti, jina na cheo cha aliyeipokea, na barua fupi yenye tarehe na muhuri. Usitie saini maelezo yoyote bila nakala, wala usipokee punguzo la safari ijayo kabla ya kusoma ukurasa unaoambatana nalo, kwani huenda ni hati ya kuachilia madai.

Mtuhumiwa akiwa mfanyakazi, haraka ina maana zaidi: anaweza kufukuzwa kazi na kukatiwa tiketi ya ndege kutoka bandari ya kesho. Piga simu ubalozi wako na polisi wa bandari ijayo wewe mwenyewe, meli ikiwa bado njiani.

Mwisho soma mkataba wa tiketi, ule wa maandishi madogo. Tiketi nyingi za kampuni zenye makao Marekani hutaka taarifa ya madai ya kuumia ndani ya miezi 6 na kesi ndani ya mwaka 1, tena kwenye mji waliouchagua wao. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kifungu cha namna hiyo: abiria wa jimbo la Washington, aliyeanguka melini nje ya pwani ya Meksiko, aliambiwa kesi yake ni ya Florida. Mkataba wa Athens, ule wa kimataifa kuhusu madai ya abiria wa baharini, kwa safari unazozihusu, unatoa miaka 2. Hesabu za siku hizo kwa kawaida huanzia kwenye tukio au siku ya kushuka, wala hazisubiri upelelezi uishe.