Kupiga picha za wadudu kwa karibu: maswali ya wanaoanza

Mwalimu, sina kamera, nina simu pekee. Je, naweza kuanza? (Msomaji, Morogoro)

Unaweza, tena kihisi kidogo cha simu, yaani sehemu inayopokea mwanga na kuunda picha, kina faida yake, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya mdudu huonekana wazi kuliko katika kamera kubwa. Tafuta kilenzi cha kubana juu ya simu, kisha uanze na vunjajungu, ambaye hutulia muda mrefu akivizia windo.

Nina kamera yenye lenzi ya milimita 50. Je, ninunue lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, sasa, au ipo njia ya bei nafuu? (Msomaji, Tanga)

Usiinunue bado. Ipo mirija ya kurefusha, isiyo na kioo ndani, ambayo hufungwa kati ya kamera na lenzi ili lenzi iweze kuona karibu zaidi. Mrija wa milimita 25 utaiongezea lenzi yako ukuzaji wa nusu ya ukubwa halisi. Ukifikisha milimita 50 unapata ukubwa halisi wenyewe, yaani mdudu wa milimita 10 huchukua milimita 10 juu ya kihisi. Chagua mirija yenye pini za umeme, kwani isiyo nazo hukunyima uwezo wa kubadili tundu la lenzi, lile linalopitisha mwanga, katika kamera nyingi za kisasa. Hasara yake ni kwamba lenzi itamsogelea mdudu kwa sentimita chache tu, na hapo ndipo lenzi ya makro ya milimita 90 au 100 inapostahili bei yake. Hata hivyo, kwa maoni yangu, fedha ya kwanza iende kwenye flashi, kwa sababu nitakazozitaja hapa chini.

Picha zangu za panzi zina jicho safi, lakini mgongo na mabawa ni ukungu mtupu. Nakosea wapi? (Msomaji, Kilifi)

Hukosei. Unapokuza hadi ukubwa halisi kwa kamera yenye kihisi kikubwa, huku tundu likiwa f/8 (namba ikiongezeka, tundu hupungua), eneo linaloonekana wazi lina unene wa takribani milimita 1, ilhali kichwa cha panzi peke yake huzidi hapo. Wengi hukimbilia f/22, kumbe katika ukuzaji huo tundu dogo kiasi hicho hufifisha picha nzima, hata lile jicho lililokuwa safi. Mimi hubaki kati ya f/8 na f/11, nikahangaika zaidi na pembe ya kupigia: kamera ikielekezwa sawasawa kwenye ubavu wa panzi, jicho, bawa na paja huwa karibu katika bapa moja, na ukungu mwingi huondoka wenyewe. Ukitaka kumpiga uso kwa uso, kubali kuupoteza mwili, mradi jicho lisikose. Zima fokasi ya kujiendesha, kisha usogee mbele na nyuma taratibu hadi jicho liwe wazi. Kuunganisha picha nyingi kwa programu, kila moja ikiwa na fokasi yake, kunamfaa mdudu aliyelala. Panzi anayechezesha vipapasio atakuharibia kazi.

Jua la Pwani ni kali. Flashi ya nini? (Msomaji, Bagamoyo)

Jua la saa sita huleta vivuli vikali. Isitoshe, katika ukuzaji wa ukubwa halisi, mwanga unaokifikia kihisi hupungua hadi robo, nawe bado unataka f/11 na kasi ya kuzuia mtetemeko. Flashi iliyowekwa nguvu ndogo humulika kwa muda mfupi kuliko 1/1000 ya sekunde, kwa hiyo mtikisiko wa mkono wako na upepo unaolisukuma jani haviwahi kuonekana. Anza na ISO 200 (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) na shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya 1/160 ya sekunde. Lakini flashi tupu humwachia mbawakawa doa jeupe mgongoni, basi weka mbele yake karatasi ya povu jeupe, ile inayofungiwa vyombo vya umeme, na uisogeze karibu kabisa na mdudu, kwani kadiri inavyokuwa pana ikilinganishwa naye ndivyo mwanga unavyolainika.

Wadudu hunikimbia. Rafiki amenishauri niwatie kwanza kwenye friji. (Msomaji, Mombasa)

Usifanye hivyo, mdudu anaweza kufa, na asipokufa hukunja miguu kwa namna ambayo mjuzi yeyote ataitambua pichani. Wengine hushauri kuamka alfajiri, kwa kuwa joto la mwili wa mdudu hufuata la mazingira, naye hulegea wakati wa baridi. Ushauri huo hufaa Lushoto au Limuru, lakini kwenu alfajiri yenyewe ina joto, kwa hiyo tegemea tabia ya mdudu. Kereng'ende akishtuka huruka, lakini wengi hurudi kwenye kijiti kilekile, basi subiri hapo bila kumtupia kivuli. Majimoto, wale chungu wakali wa mwembeni, hawakimbii kamwe. Wao ndio watakaokufuata, kwa hiyo vaa shati la mikono mirefu na usiliegemee tawi lenye kiota chao.