Kichwa cha kikaragosi kinachongoka utosini: tatizo liko kwenye karatasi, si kwenye sponji

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini kichwa cha kikaragosi chako cha sponji, kile cha kuvaa mkononi, kinachongoka utosini kila ukikiunganisha. Pili, kama si afadhali uachane na paterni za karatasi, yaani vile vipande vya kufuatisha unapokata sponji, uchukue bonge la sponji ulichonge kwa mkasi hadi sura itoke.

Nianze na la pili maana halina maneno mengi. Kuchonga kunafaa kwa pua, masikio na vikaragosi vidogo vya kuvaa kidoleni. Kichwa ambacho mkono mzima unaingia ndani ukikichonga kinakuwa kizito, itabidi ukichimbe ndani kwa kubahatisha, na siku ukitakiwa kutengeneza pacha wake huna pa kuanzia. Tena sponji haidumu. Mwanga na miaka vinaigeuza njano, halafu inaanza kumeguka. Karatasi ukiitunza kwenye bahasha, kichwa kile kile unakizalisha upya wakati wowote. Kwa hiyo baki na karatasi.

Sasa tuje kwenye ncha. Nimetengeneza vichwa hivi muda mrefu, na nimeletewa vingi vya wenzangu vyenye ugonjwa huu. Watu hulaumu gundi, wengine hulaumu sponji. Karibu kila mara ukitandaza paterni mezani unaiona kasoro kabla hata ya kukigusa kichwa chenyewe. Kwa maelezo yako, umekata vipande sita vya umbo la jani, vipana katikati na vyembamba juu na chini, na kutoka katikati hadi nchani umepiga mstari ulionyooka kwa rula. Hapo ndipo kichwa kilipoharibikia.

Tupige hesabu kidogo, si ngumu. Tuseme unataka kichwa cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 18. Mzunguko wake ni 18 mara 3.14, yaani kama sentimita 56.5. Gawa kwa sita: kila jani katikati lina upana wa sentimita 9.4. Urefu wa jani kutoka ncha hadi ncha ni nusu ya mzunguko, sentimita 28.3, kwa hiyo kutoka katikati hadi ncha ya juu ni kama sentimita 14.1. Ugawe urefu huo mara tatu, kila sehemu sentimita 4.7. Ukipanda sehemu moja kutoka katikati, jani la mviringo linatakiwa bado liwe na upana wa sentimita 8.2. Ukipanda ya pili, sentimita 4.7, nusu ya ule wa katikati. Unganisha nukta hizo kwa mkono, taratibu, upate ukingo unaobinuka kwenda nje.

Linganisha na mstari wako wa rula. Pale penye 8.2 wewe una 6.3, na penye 4.7 una 3.1. Sentimita mbili hivi zinaonekana kitu kidogo kwenye jani moja, lakini majani ni sita. Pale penye 8.2 peke yake kichwa chako kimepoteza kama sentimita 11 za mzunguko. Lazima kichongoke, hakina pengine pa kwenda.

Kuna na suala la pembe pale juu, ambalo wengi hawalipimi kabisa. Majani sita yakikutana utosini, pembe za ncha zao zikijumlishwa zinatakiwa zikaribie digrii 360 ili utosi utulie. Yaani kila ncha iwe na digrii 60 hivi. Ukitumia majani manne, kila ncha digrii 90. Ukikata ncha kali za digrii 40, jumla inakuwa 240, na hiyo ni pia ya kuchezea, si kichwa. Weka protrakta kwenye ncha kabla ya kukata. Na ukishalijua hili una silaha mkononi: mzee mwenye kichwa cha yai unampunguzia digrii kidogo, mchawi unampunguzia nyingi, jitu lenye utosi bapa unalipatia 360 kamili.

Si kila kichwa kinahitaji majani sita, lakini. Vichwa vyangu vingi vina vipande viwili tu vikubwa, kulia na kushoto, vyenye mikato ya V. Ukikata V kwenye sponji ukaifunga kwa gundi, sponji inabinuka pale ncha ya V ilipoishia. V pana inabinua sana, V nyembamba inabinua kidogo, na shavu litatokea pale utakapoisimamisha ncha. Ila V yenye pande zilizonyooka inatoa kibonge chenye ncha, ugonjwa ule ule wa utosi wako. Inatakiwa ianze kama mwiba mwembamba sana, ifunguke polepole, halafu ipanuke zaidi inapofika ukingoni. Na pande zake mbili ziwe na urefu sawa. Tumia uzi au futi ya fundi cherehani, uilaze juu ya mstari hatua kwa hatua. Usipime kwa jicho.

Urefu sawa ndiyo sheria ambayo siivunji kwenye kingo zozote mbili zinazokutana, hata kama moja imebinuka na nyingine imenyooka. Sponji inavutika, kwa hiyo tofauti ya milimita chache itafichika wakati wa kubandika. Baadaye ndiyo unaona kidevu kimeelekea upande. Weka vialama vya kukutanishia kila baada ya sentimita tano hivi, vikabiliane pande zote mbili, na wakati wa gundi ufuate vialama, usifuate hisia.

Kabla ya kugusa sponji, kata kichwa chote kwa karatasi ya manila na ukiunganishe kwa selotepu. Hii hatua watu huiruka kwa haraka, nami nawasihi wasiiruke. Manila haivutiki, kwa hiyo haikufichi kitu: pengo litaonekana pengo, ncha itaonekana ncha, na kurekebisha ni kupunguza karatasi tu. Kumbuka kitu kimoja. Sponji ina unene, na unene huo unakula nafasi ya ndani. Kichwa cha sentimita 18 kwa nje kikitengenezwa na sponji ya milimita 12 kinabaki na takriban sentimita 15.6 kwa ndani. Kunja mkono wako kama unaongea nao, upime upana wa vidole na urefu hadi kwenye kifundo, ndipo uamue ukubwa.

Kwa sura zisizo za mviringo, mbwa mwenye mdomo mrefu kwa mfano, hesabu za majani hazikufikishi mbali. Hapo mimi hufinyanga kichwa kwa udongo au kwa magazeti yaliyofinyangwa, nakizungushia nailoni, kisha nakifunika chote kwa tepu ya karatasi, tabaka mbili tatu. Chora mstari wa katikati kuanzia kisogoni, upite puani, hadi kidevuni. Fanya kazi upande mmoja tu, kwa sababu huo mmoja utaugeuza upate wa pili na sura itafanana kulia na kushoto. Chora mistari pale umbo linapokata kona: juu ya nyusi, chini ya shavu, pembeni ya pua. Kata kwa wembe kwenye mistari, bandua, ulaze kila kipande mezani. Kipande kitakachokataa kulala bapa kinakuonyesha chenyewe mahali pa kukata V. Ikate kutoka ukingoni, kidogo kidogo, hadi kilale. Kinakili kwenye manila, lainisha mistari iliyopinda ovyo, andika KULIA upande mmoja wa karatasi na KUSHOTO nyuma yake.

Kukata sponji: wembe mpya, uusimamishe wima, uvute mara moja kwa mkono mrefu. Mkasi unaiminya sponji wakati wa kukata, na ukingo unatoka umeingia ndani katikati, haukutani vizuri na mwenzake.

Gundi ninayotumia ni ile ya fundi viatu. Paka nyembamba kwenye kingo zote mbili, kisha usubiri mpaka ukigusa kwa kidole isikufuate. Hapo ndipo uzikutanishe, na uwe na uhakika, maana zikigusana zimeshikana. Anza na miisho miwili, kisha vialama, kisha ujaze katikati kwa kubana na vidole. Gundi ikifurika inakauka kuwa mstari mgumu, na mstari huo utauona hata ukishavisha kitambaa. Fanya kazi hii penye hewa, mbali na moto. Na kama macho ya kikaragosi ni ya ile povu nyeupe nyepesi ya kufungashia vyombo vya umeme, usiyaguse na gundi hii, inayayeyusha.

Majani sita usiyabandike moja baada ya jingine kuzunguka, kwa sababu makosa madogo yote yatakusanyika kwenye mshono wa mwisho. Bandika matatu, kisha matatu, upate nusu mbili. Halafu uzifunge nusu hizo kwa mshono mmoja mrefu, ukianzia utosini ambako ncha zote zinakutana, na kushuka pande zote mbili kwa zamu.

Kuhusu kichwa ulichonacho sasa, usikitupe. Chora duara kuzunguka ile ncha, chini kidogo ya pale kichwa kinapoanza kuchongoka, uikate ncha yote uitoe. Kinabaki na tundu. Pima mzunguko wa tundu kwa uzi, ugawe kwa 3.14 upate kipenyo, kisha ongeza sentimita moja hivi. Kata duara la sponji la kipimo hicho ulibandike kwenye tundu, ukingo kwa ukingo. Kwa kuwa ni kubwa kidogo kuliko nafasi yake, litabinuka juu na utosi utapata mviringo. Kabla ya kubandika hakikisha umelisukuma kutoka ndani, lisije likabonyea kuelekea mkononi. Ukishamaliza weka picha pamoja na vipimo ulivyotumia, tuone kama mdomo nao unahitaji kuguswa.