Uliza Anko: Kampuni imeacha kuchapa mchezo wetu, kadi zangu nipeleke wapi?

Barua za wiki hii karibu zote ni za kadi, sijui ni mvua imewafungia nyumbani ama ni nini. Naanza na ile ndefu.

*Anko, habari ya masiku. Mimi ni kijana wa miaka 26 naishi Umoja, na kwa miaka minne sasa nimekua nikicheza mchezo wa kadi za kukusanya, ile ya kununua pakiti bila kujua ndani kuna nini. Jina la mchezo sitaji, roho bado inauma. Tulikua wasee sita, tunakutana Jumapili mchana sebuleni kwa mmoja wetu pale Donholm. Mwezi jana kampuni ikatangaza ati seti inayokuja ndio ya mwisho, baada ya hapo hakuna kadi mpya, hakuna mashindano, hakuna zawadi. Grupu yetu ya WhatsApp ikakua kama matanga. Wawili wameshauza deki zao, yaani yale mafungu ya kadi wanayochezea, kwa bei ya kutupa, mwingine ananiambia nisiuze hata moja, ati nikikaa nazo miaka kumi zitanunua shamba Kitengela. Nimepiga hesabu nimetumia kama thao sitini tangu nianze, na hapo sijahesabu zenye binamu yangu wa Dallas alinibebea kwa begi. Na juu ya hiyo duka lenye hutuuzia linasema halirudishi pesa ya boksi la mwisho lenye tulilipia mapema. Niuze, niweke ama nichome? — Deki Tatu, Umoja*

Deki Tatu kijana wangu, pole. Kwanza usichome, hizo slivu, ile mifuko ya plastiki ya kuvalisha kadi, zikiwaka ploti nzima itakohoa na landilodi atakuja kugonga.

Nimalize ya duka ndio tuongee vizuri. Mchezo kufungwa ni jambo moja na pesa yenu ni jambo lingine. Mlilipa boksi, boksi halijakuja, basi hiyo ni pesa yenu iko kwa mfuko wa mtu. Tafuta ile meseji ya M-Pesa, mwandikie mwenye duka umpe siku kumi na nne, akikausha kuna mahakama ya madai madogo, inasikiza mambo ya hadi shilingi milioni moja na si lazima uwe na wakili. Lakini kama boksi linaweza kuja hata likichelewa, chukua boksi. Sababu utaiona huko mbele.

Watu wanapenda kusema kampuni imewasaliti. Labda, lakini angalia vile hizi kadi hutengenezwa. Hazichapwi kama kadi za mwaliko wa harusi, zinapangwa kwa karatasi kubwa, ule mchezo maarufu wa Magic kwa mfano hua ni kadi 121 kwa karatasi moja, kumi na moja kwa kumi na moja, halafu zinakatwa na kupangwa kwa pakiti, na mtambo wa hivo haiwashwi juu ya boksi hamsini. Kwa hivyo mchezo wa kadi haufi polepole kama kioski inayobaki na kiberiti na chumvi, unafika mahali wanunuzi hawatoshi kulipia mchapo mwingine na wachoraji wa kadi mpya, unazimwa. Na kuna wakati hata si mauzo, ni leseni. Kampuni ya Decipher walikua na mchezo wa kadi za Star Wars tangu 1995, mwisho wa 2001 leseni ikaisha ikaenda kwa Wizards of the Coast, wale wenye Magic, na Decipher wakafunga mchezo wao. Android: Netrunner, mchezo wa kadi wa kampuni ya Fantasy Flight, hivo hivo, watu waliipenda kabisa, lakini mchezo wenyewe ulikua umekodishwa kutoka kwa hao hao Wizards, 2018 mkataba ukaisha na kadi zikaacha kuuzwa.

Sasa sikiza kilichofuata. Wale wachezaji wa Star Wars waliunda kamati yao, wakaanza kubuni kadi mpya wenyewe, unaziprinti kwa karatasi ya kawaida, unakata, unaingiza ndani ya slivu mbele ya kadi ya zamani, unacheza. Watu wa Netrunner nao wakajipanga, siku hizi wanaitwa Null Signal Games, wanatoa kadi mpya zinazoingiana na zile za zamani na faili za kujiprintia wanakupa bure. Na kuna hii ya Vampire: The Eternal Struggle ambayo mimi naiita paka, ilianza 1994 ikiitwa Jyhad, Wizards wakaitupa, White Wolf wakaiokota 2000, nao wakaiacha 2010, na 2018 kampuni ingine inaitwa Black Chantry ikaanza kuichapa tena.

Sikudanganyi ati zote hurudi vizuri. Mchezo mwingine wa kadi, Legend of the Five Rings, ulianza 1995, ilikua na tabia moja tamu sana, mshindi wa mashindano makubwa aliweza kubadilisha hadithi ya mchezo wenyewe, ukoo gani utatawala, nani atakufa. 2015 ikauzwa, 2017 ikarudi na sura mpya na kadi za zamani hazikuingiana na mpya, wakusanyaji wakalia, halafu 2021 hiyo mpya pia ikafungwa. Wakalia mara ya pili.

Sasa wewe wa Umoja nataka nikuulize kitu. Hiyo kampuni ilikufanyia nini hapa? Mashindano yake makubwa ulienda lini? Zawadi zake zilifika Donholm? Seti ikitoka ulikua unaipata siku gani, si ni ile siku binamu ameshuka JKIA, miezi mitatu baadaye, akiwa amezificha ndani ya viatu? Mchezaji wa Nairobi amekua akicheza mchezo uliofungwa siku zote, tofauti ni kwamba sasa tangazo limeandikwa. Wenye wana shida kweli ni wale wa ng'ambo, kwenye duka linaendesha ligi kila Ijumaa, hao wamepoteza Ijumaa. Nyinyi Jumapili yenu mliitengeneza wenyewe na kampuni haina kifungu cha kuifunga.

Halafu kuna kitu wengi hawasemi. Mchezo uliofungwa ni mchezo wa bei nafuu. Thao sitini kwa miaka minne ni 1,250 kila mwezi, na sehemu kubwa ilienda kwa kukimbiza seti mpya kwa sababu ya juzi ilishageuka nyanya za jana. Sasa hakuna mpya ya kukimbiza. Kadi zote zinajulikana, orodha ina mwisho, unaeza kaa nayo ukaijua kama vile mzee wa bao anajua mashimo yake. Mimi nilipitia hii na mchezo mwingine kitambo, na ukweli ni nilicheza vizuri zaidi baada ya kufungwa kuliko kabla, maana nilianza kufikiria badala ya kununua.

Kuhusu shamba la Kitengela. Rafiki yako amesikia zile habari za Black Lotus, kadi ya Magic ya 1993 iliyouzwa kwa mnada 2021 kwa dola 511,100. Ni kweli iliuzwa. Lakini Magic bado iko hai, kila mwaka kuna watoto wapya wanaingia na wanakua wakitamani za zamani, na kampuni yenyewe iliweka ahadi 1996 ya orodha ya kadi ambazo haitachapa tena kamwe. Mchezo wenu hauna watoto wapya wanaokuja. Baada ya tangazo kama hilo mara nyingi bei huanguka kwanza maana kila mtu anauza pamoja, halafu kadi chache zinapanda, hasa za seti ya mwisho kwa sababu zilichapwa kidogo, na zilizobaki zote ni karatasi. Ndio maana nilisema uchukue lile boksi. Lakini kununua deki za wenzako ukingoja utajiri, hapana. Shamba bila mnunuzi bado unaeza panda sukuma.

Ningekua wewe ningezinunua kwa sababu ingine. Hao wawili wanauza kwa bei ya kutupa, si ndio? Chukua, unganisha na zako, kaa chini utengeneze deki nne ama tano ambazo zina nguvu sawa, uziweke kwa boksi moja. Zamani ukitaka kumfundisha mtu ilibidi umwambie anunue deki yake kwanza, na hapo ndio watu hukimbia. Sasa mpe ya kwako. Jirani, dadako, yule msichana wa kazini anayeuliza uliza. Kama kuna kadi muhimu unayo moja na unahitaji tatu, peleka faili River Road waprinti kwa karatasi nzito, saizi ni milimita 63 kwa 88, weka ndani ya slivu na kadi yoyote mbovu nyuma yake. Ni ya kuchezea sebuleni tu. Siku utajaribu kumuuzia mtu kama halisi wewe ni mwizi na mimi hatujuani.

Kuna moja ya haraka, fanya leo usingoje wikendi. Tovuti ya mchezo haitakaa milele, hakuna mtu atalipia seva ya kitu hakiuzwi. Pakua kitabu cha kanuni, orodha ya kadi zote na picha zake, na yale majibu rasmi ya maswali, maana bila hayo mtapigana kila Jumapili ati kadi hii inasoma hivi. Na usiweke boksi chini ya kitanda karibu na ukuta, Julai ya Nairobi ina unyevu na foili, zile kadi za kung'aa, hujikunja kama chapati. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu huja na viatu vipya, usivitupe, weka humo ndani.

*Hujambo Anko. Kijana wangu yuko gredi ya 7 na ameanza kununua kadi za Pokémon kutoka kwa mwenzake shuleni, za kawaida hamsini, za dhahabu mia tatu. Mwalimu amesema ni kamari. Ni kweli? Na hizo za dhahabu ni mali? — Mama Brayo, Kasarani*

Mama Brayo, pole na malezi. Mwalimu ana nusu ya ukweli. Pakiti iliyofungwa ni bahati, hujui utatoa nini, na mtoto akishazoea ile raha ya kurarua karatasi ni ngumu kumtoa hapo. Lakini Brayo hanunui pakiti, ananunua kadi anayoiona, hiyo ni biashara kama ya mandazi. Shida ni bidhaa. Zile za plastiki ya dhahabu zinazouzwa rundo zima hapa mjini ni za kuigiza, ukimpa mkusanyaji atakurudishia na tabasamu. Za kawaida zipime hivi: washa tochi ya simu nyuma ya kadi. Halisi ina tabaka jeusi katikati ya karatasi, mwanga hupita kidogo tu. Feki inawaka yote kama pazia. Mwambie Brayo aende na hiyo tochi shuleni, huyo mwenzake atapunguza bei mwenyewe.

*Anko, sisi Rongai tumebishana mpaka usiku. Kwa kadi, hii ya karata za kawaida, unaeza maliza na 8? — Niko Kadi*

Hapana. 8 ni swali na swali linataka jibu, utamalizaje ukiwa unauliza? Maliza na 4, 5, 6, 7, 9 ama 10. Najua kuna mtaa utaniandikia wiki ijayo ukisema kwao inakubalika, na kwao iko sawa, lakini kwangu utaokota.